Kamiyo ya Urundi kwenye njia ya Minova

Niliitwa kuichezea Kongo nikiwa na jembe mkononi. Wakati ule nilikuwa kantonye, mfanyakazi wa kutengeneza barabara, kwenye milima ya Nyabiondo. Nilizaliwa Ntoto, huko Walikale, kwa watu wa msitu, lakini kazi ilinipandisha Masisi, na ndoa ikanibakiza huko. Kila Jumapili baada ya misa tulicheza mpira kwenye kiwanja cha misheni. Mimi nilikuwa beki. Sikuwa na mbio nyingi, ila mtu aliyetaka kunipita alijua kwamba amekutana na mtu.

Padri aliyetufundisha mpira alinifuata kazini. Alisimama kando ya mtaro niliokuwa nachimba.

"Kutakuwa mashindano pale Sake," alisema. "Ruanda wanakuja, Urundi wanakuja, Uganda wanakuja. Na wewe utacheza mu ekipe ya Kongo."

Nilimuuliza kama anasema Kongo au Masisi. Akajibu: "Kongo."

Jioni nilimweleza mke wangu. Alikuwa anachambua maharagwe, na hakuinua macho.

"Kongo yote ilikosa muntu mwingine?"

Lakini kesho yake, nilipopita kisimani, wanawake wote walikuwa wamekwisha kujua, na si mimi niliyewaambia.

Ni kweli kwamba hatukuwa Kongo yote. Uhuru ulikuwa bado, na watu wa Léopoldville pengine hawakujua hata kama kuna mahali panaitwa Sake. Tulikuwa vijana wa Kivu: wa milimani, wa msituni, wa kando ya ziwa. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na Kiswahili kilituunganisha. Lakini walitugawia jezi za bluu zenye nyota ya manjano kifuani, na mwalimu wa Sake alipoandika majina ya timu kwenye ubao, sisi alituandika KONGO. Hadi siku ile nilikuwa nimeitwa mtu wa Ntoto, mtu wa msitu, mtu wa barabara. Jina hili lilikuwa kubwa kuliko yote, na nilipovaa ile jezi niliona hata mgongo wangu umenyooka.

Kapiteni wetu alikuwa fundi wa cherehani kutoka Masisi, mtu mwembamba wa maneno machache. Asubuhi ya siku ya kwanza tulikaa naye kandokando ya kiwanja, tukatazama Uganda wakiwafunga Ruanda. Baada yao ilikuwa zamu yetu na Urundi, na mshindi angecheza fainali na Uganda kesho yake. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Soko lilikuwa limehamia uwanjani, ndizi na samaki na kila kitu.

Urundi hawakuonekana. Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana. Mwishowe dereva mmoja aliyetoka Minova alileta habari: kamiyo yao, lori lililowabeba, imezama matopeni, magurudumu hayaonekani.

Wakubwa wa mashindano walizungumza kidogo, kisha wakamwita padri na kapiteni wetu. Walisema kwamba sheria iko wazi: timu isiyofika imeshindwa. Wageni wa Uganda hawangeweza kungoja siku nyingine. Kwa hiyo sisi tumeingia fainali.

Wenzangu kadhaa walipiga makofi. Na mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Kapiteni hakupiga makofi.

"Padri," alisema, "ile njia iko ya nani?"

"Namna gani, ya nani?"

"Iko ya kwetu. Bale batu tuliwaita sisi. Mugeni anakwama ku mulango yako, na wewe unakamata chakula yake unakula?"

Kipa wetu, kijana mnene wa Goma, alimkatiza. "Kapiteni, tukienda kuvuta kamiyo, tutacheza na nguvu gani?"

"Na ile yenye itabakia."

Kisha kapiteni akanigeukia. "Kantonye, wewe njo unajua matope. Inawezekana?"

Nilimwambia inawezekana, tukipata majembe, kamba na matete mengi. Padri alitutazama mmoja mmoja, halafu akaenda kuzungumza na wakubwa. Aliporudi alisema tutangojewa, lakini jua likielekea kushuka bila mechi, sheria itabaki sheria. Tulipanda gari la misheni na jezi zetu mwilini.

Tuliwakuta Urundi wamesimama kando ya njia na suti zao za safari, matope hadi magotini. Kamiyo ilikuwa imelala upande kama ng'ombe mgonjwa. Kapiteni wao, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, alipoona nyota zetu alidhani tumekuja kuwacheka. Kapiteni wetu alimpa mkono, kisha akampa jembe.

Nilipanga kazi. Kwanza mfereji wa kutoa maji, kisha mawe chini ya magurudumu, kisha matete juu ya mawe. Beki wa Urundi na kipa wetu walibeba mawe pamoja, wakitukanana kwa Kiswahili kama marafiki wa zamani. Katikati ya kazi nilisikia mtu anakohoa nyuma yangu. Nilipogeuka nilimwona baba yangu.

Alikuwa ametembea kutoka Ntoto ili aone mpira, kitu ambacho hakuwahi kukiona. Alikuwa mwindaji, mtu wa mila za zamani ijapokuwa alibatizwa, na sikumtarajia hata kidogo. Alifika Sake, akaambiwa kwamba mwanawe yuko njia ya Minova.

Alitazama jembe langu, akatazama kamiyo, akatazama ile nyota iliyojaa udongo.

"Walisema wanakuita juu ya mupira," alisema. "Sasa mupira njo hii?"

Urundi na Kongo walicheka hadi wengine wakakaa chini. Nilimwambia mpira utakuja baadaye. Baba aliweka mkuki wake kando, akashika kamba.

Kamiyo ilitoka. Tulirudi Sake tukifuatana, gari letu mbele, lao nyuma, na watu waliokuwa uwanjani walipotuona tumepakwa udongo, wenyeji na wageni, walisimama wote. Kisha makelele yakaanza, na sijasikia tena makelele ya namna ile.

Tulicheza na ile nguvu iliyobakia. Walitufunga mabao mawili, sisi tukapata moja. Dakika za mwisho miguu yangu ilikataa, na yule mrefu wao akanipita kama ninasimamia mbuzi. Filimbi ilipolia, kipa wetu alilia. Kapiteni alimshika bega.

Kesho yake tuliwafunga Ruanda tukawa wa tatu, na Urundi wakawashinda Uganda kwa bao moja. Walipopewa kombe, kapiteni wao hakuliinua mara moja. Alivuka kiwanja nalo, akamwekea kapiteni wetu mikononi, na watu wote wa Sake wakaona Kongo imeshika kombe ambalo haikulipata. Baba alikuwa mstari wa mbele, akimweleza mtu asiyemjua, "Yule wa bluu, mwenye mabega, iko mutoto yangu." Wote tulikuwa wa bluu.

Sisi tulipewa bulangeti, kila mmoja lake. Nilipofika Nyabiondo niliweka langu mapajani mwa mke wangu.

"Mulishinda?" aliuliza.

"Tulikuwa ba tatu."

"Kati ya wangapi?"

"Wanne."

Alicheka hadi akajifuta machozi na kona ya bulangeti. Nilimwacha acheke. Kisha akasogeza kiti, akaweka kuni mbili jikoni, akasema: "Keti. Anzia mwanzo, usiruke kitu."

Nilianzia mwanzo.