Chupa za Maziwa Kwenye Friji ya Gari

Kutoka juu ya paa la lile gari niliona tangi letu la maji. Majirani wote Waithaka wana matangi meusi. La mama pekee ni la kijani, kwa sababu ndilo lililokuwa limebaki dukani. Nilikuwa nimepanda kufunga mfuniko wa tangi la maji la gari, gari limesimama kwenye mteremko wa Uthiru, nikaliona lile doa la kijani ng'ambo ya bonde, nikasahau kushuka. Chini ya tangi hilo alikuwa binti yangu wa miezi saba.

Gari lenyewe ni basi dogo lililogeuzwa nyumba. Lina kitanda, choo, sinki, friji, na jenereta iliyofungwa ndani ya sanduku la chuma nyuma. Mwenye gari hulikodisha kwa watu wanaopiga picha za matangazo, waigizaji wapate pa kuvalia. Mimi ndiye ninayelitunza: nafagia, najaza maji, namwaga uchafu, natengeneza kinachoharibika, na usiku nalala humo humo maana wezi hawalali. Wiki hiyo tulizunguka Nairobi tu. Hurlingham, mjini, halafu Uthiru. Karibu na nyumbani hivyo, na ruhusa ya kwenda hakuna. Afadhali ningekuwa Mombasa. Mbali unavumilia, karibu unachanganyikiwa.

Maziwa yangu niliyakamua kwa mkono, nimejifungia chooni, nikayaweka kwenye chupa ndani ya friji. Jioni jirani yetu mwenye boda alipita kuyachukua. Mama alikuwa ameniambia nimwachishe. "Mpe ya ng'ombe. Wewe ulikunywa ya ng'ombe na hukufa." Nilikataa. Kama mimi siko pale, basi kitu changu kiwe pale.

Shida zilianzia Hurlingham. Pampu ya maji ilikuwa inajiwasha. Hakuna aliyefungua bomba, nayo inakoroma, inanyamaza, inakoroma tena. Pampu ikifanya hivyo ujue maji yanatoka mahali. Nikaingiza kichwa chini ya sinki na tochi ya simu. Kiwiko cha bomba kilikuwa kimelegezwa na mashimo ya barabarani, maji yanachuruzika taratibu, mbao zimeanza kuvimba. Nikakifungua, nikazungusha ile tepu nyeupe ya mafundi, nikakirudisha. Kiwiko cha plastiki ukikikaza kwa hasira kinapasuka. Mimi hasira nilikuwa nayo tele, kwa hivyo nilikaa kidogo kabla ya kushika spana.

Meneja wa watu wa tangazo, kijana wa miwani, akachungulia. "Madam, maji ya kunawa yatarudi saa ngapi?"

"Ukishaacha kunisimamia mgongoni."

Yalirudi.

Uthiru ikawa zamu ya jenereta. Inawaka, inanguruma kidogo, inakufa. Unaiwasha, inakufa tena. Jua lilikuwa kali na friji imenyamaza. Mimi nilichofikiria ni zile chupa. Dereva, mzee mmoja mcheshi ambaye huniita mama toto, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari anakula ndizi.

"Hii kitu imeamua kufa, mama toto. Tumpigie mwenyewe."

"Mwenyewe atasema tutumie akili."

"Sasa hiyo akili tuliacha wapi?"

"Yako sijui. Njoo unishikie hiki kifuniko."

Petroli ilikuwepo. Plagi ilikuwa safi. Oili nilikuwa nimeijaza mwenyewe. Nikarudi ndani kugusa chupa. Zilikuwa bado baridi, lakini kwa nje zimeanza kutoa jasho. Nikaegemea sinki, karibu nilie, na ndipo nikaona maji ya vyombo yamekaa upande. Huku yamejaa, huku chuma kikavu.

Jenereta ile ina kidude kinachoizima oili ikipungua. Hurlingham tulisimama kwenye simenti tambarare. Hapa gari lilikuwa limeinamisha pua bondeni, oili imekimbilia upande mmoja, kidude kinadhani imekwisha.

Nikamwambia meneja tusogeze gari hadi pale juu palipo sawa.

"Haiwezekani. Likisogea litaingia kwenye picha."

"Basi kaeni gizani."

"Madam, tafadhali. Ni leo tu."

Ni leo tu! Mtoto wangu pia hula leo. Nikaenda kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa hapo jirani, nikaomba mbao, nikazibeba begani. Nikaziweka mbele ya magurudumu ya mbele.

"Panda," nikamwambia dereva.

"Na ikiteleza, nitakuambia nini?"

"Utaniambia pole."

Akalipandisha gari polepole juu ya mbao, anaomba Mungu kwa sauti ili nimsikie. Maji kwenye sinki yakalala sawa. Nikawasha. Ikanguruma, ikaendelea kunguruma. Nikasimama mbele ya friji mkono kwenye mlango wake kama mtu anayepima homa, mpaka nikahisi inatetemeka. Jioni mwenye boda akachukua chupa zikiwa baridi.

Jua lilipokuwa linazama mama akanipigia. "Amemaliza chupa yote. Sasa anatafuna simu yangu."

"Mwekee sikioni."

"Haya, ongea."

Nikaongea. Nikamwita, nikamwimbia kidogo, nikamwita tena.

"Hasikii kitu," mama akasema. "Kwani uko kwa posho mili kunakosagwa unga, na ngurumo yote hiyo? Anatazama tu ukutani."

Nikatembea hadi nyuma ya gari nikaizima jenereta.

Taa zote zikaenda. Ndani mwigizaji akapiga kelele; alikuwa amepakwa rangi upande mmoja wa uso. Meneja akaja mbio. "Stima! Nani amezima stima?"

"Mimi. Ngoja."

Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alingoja. Ng'ambo kulikuwa kumeshaingia giza, tangi la kijani halionekani tena. Nikabandika simu sikioni na kumwita mwanangu polepole. Kisha nikasikia pumzi yake, nzito, yenye mate, na sauti ndogo kama ya mtu anayeuliza.

"Amegeuka," mama akasema. "Anakutafuta mlangoni."

Nikaendelea kumwita. Meneja akatazama saa yake, akatazama mbali.