Taulo Chini ya Mizani

Mama Taulo alikuwa na mazoea yake: kila aliposikia kelele nje, mkono uliendelea kupiga pasi lakini jicho lilikwenda mlangoni. Chumba cha kufulia cha klabu ya gofu kilikuwa na milango miwili, mmoja wa nguo chafu na mmoja wa nguo safi, na siku zote alijua mwanawe yuko karibu na upi.

Hofu hiyo haikuja bure. Kedi, hao vijana kwa wazee wanaobeba mifuko ya fimbo za wachezaji, walikuwa wakipumzika humo, na zamani walicheza kamari ya mashindano ya mwaka. Mwaka mmoja ubishi ulikolea, mtu akapigwa fimbo ya chuma usoni, taya likatoka mahali pake. Mama Taulo ndiye aliyeokota meno sakafuni na kuyafunga kwenye leso, akidhani daktari ataweza kuyarudisha. Kesho yake akasema: basi, humu ndani pesa hazitabiri tena.

Akapigilia misumari ukutani, na juu ya kila msumari akachora kwa chaki alama ya mchezaji mmoja. Daktari wa meno alipewa jino, mwanasheria mizani, mwenye mabasi gurudumu. Anayetaka kutabiri mshindi alitundika taulo lake la akiba la kufutia fimbo chini ya alama anayoiamini. Aliyepatia alikalia kiti cha ngozi kilichotupwa na ukumbi wa wakubwa, mwezi mzima, wenzake wakimletea chai kama bwana harusi. Sharti lilikuwa moja: kedi aliye uwanjani humtabiria mchezaji wake, au hatabiri kabisa. Maana kedi ndiye anayemwambia mchezaji upepo unaendaje na nyasi zimelalia wapi. Akimtakia mwingine ushindi, anaweza kumwuza tajiri wake kwa neno moja tu.

Mwaka wa kisa hiki, kifungua mimba wa Mama Taulo alikuwa akimbebea daktari wa meno. Jumamosi alitundika taulo chini ya jino. Greda, kedi mkongwe mwenye mabega kama mlango, ambaye safari hiyo hakuwa na mchezaji wa kumbebea, akatundika hapo hapo. Chini ya mizani lilikuwapo taulo moja tu, la mpishi wa klabu, na chumba kizima kilimcheka.

"Dada, mwanasheria yule hata mpira wenyewe haoni," Greda alimwambia mpishi. "Anapiga kwa kubahatisha."

"Cheka tu. Chai utaniletea wewe, na nitakwambia sukari haitoshi, urudi."

Jumapili alfajiri, kabla watu hawajafika, Mama Taulo aliona taulo la mwanawe lina tope. Hakuweza kulivumilia. Mtoto wa mfua nguo atundike uchafu mbele za watu? Akalishusha, akalifua, akalipiga pasi. Wakati analirudisha, geti likagongwa kwa kishindo. Jicho likaenda mlangoni kama kawaida yake, na mkono ukatundika bila jicho, kwenye msumari wa pembeni. Kumbe lilikuwa lori la takataka tu.

Shimo la mwisho, daktari wa meno alibakiza kuusukuma mpira hatua chache. Kedi wake, kijana wa Mama Taulo, akamwonyesha kushoto kidogo. Mpira ukazunguka mdomo wa shimo, ukagoma kuingia. Mwanasheria akashinda kwa pigo moja.

Kedi waliingia chumbani wakizozana. Greda akaenda ukutani kuchukua taulo lake, akaganda. La kijana halikuwapo kwenye jino. Lilikuwa chini ya mizani, safi, limenyooka, bega kwa bega na la mpishi.

Kijana aliingia bado kabeba mfuko. Hakupewa hata nafasi ya kuutua. Greda alimtwanga ngumi ya mdomo, akaanguka nao, fimbo zikamwagika sakafuni zikilia kama masufuria.

"Umemwuza tajiri wako ili ukalie kiti!"

"Kiti gani? Mimi sikutundika hapo!"

"Taulo lina miguu?" mwingine akadakia. "Limetembea lenyewe?"

"Wakubwa wakisikia kedi anauza mchezaji, kesho geti linafungwa kwetu sote," Greda alisema. "Wanangu wale nini? Taulo?"

Teke la mbavu. Jingine. Wawili wakamkamata, wakamlaza kifudifudi juu ya kiti cha ngozi, wakaunyoosha mkono wake wa kulia kwenye mbao ya egemeo. Greda akaokota fimbo nzito. "Mkono ulioonyesha kushoto si huu?"

"Ni mimi!" Mama Taulo alipiga yowe. "Mimi ndiye niliyelishusha! Lilikuwa na tope, nikakosea msumari!"

"Mama, tunakuheshimu," Greda alisema bila kugeuka. "Lakini mama gani asingesema hivyo?"

Mama Taulo akasema tena. Akasema huku akimvuta Greda shati mpaka likachanika. Akasukumwa kwa kiwiko, mgongo ukagonga meza ya pasi. Fimbo ikashuka. Kidole cha mwisho cha mwanawe kilivunjika kwa sauti ya kijiti, na kijana akalia "Mama!" kama alivyolia siku za kuota meno. Fimbo ikapanda tena.

Pasi ilikuwa ya moto tangu asubuhi. Aliishika, akaibandika juu ya mkono wa Greda ulioshika fimbo, akakandamiza kama anavyokandamiza kola ngumu. Ngozi ikaungua kwa mlio. Harufu ikajaa chumba. Greda akanguruma, fimbo ikamdondoka, akarudi nyuma, naye akamfuata na pasi yake mpaka waya ukachomoka ukutani.

"Nani mwingine?" aliuliza.

Ndipo mpishi, aliyekuwa nyuma ya rundo la mashuka muda wote, alipofungua mdomo.

"Jana taulo langu lilikuwa peke yake pale, si mlinicheka wote? Mpaka tunafunga mlango, la kijana lilikuwa kwenye jino. Na leo hakupita humu. Alipitia geti la mbele na daktari wake, mimi ndiye niliyewapa chai. Angelihamisha saa ngapi?"

Wale wawili wakamwachia kijana polepole, kama watu wanaoweka chini kitu cha wizi.

"Ulikuwa unangoja nini kusema?" Mama Taulo alimwuliza mpishi.

"Niliogopa, dada. Ile fimbo wewe ungeisogelea?"

"Nimeisogelea."

Kiti hakikukaliwa na mtu. Kilitolewa nje na damu yake, mvua ikakimaliza. Wakubwa hawakuambiwa kitu. Kidole cha kijana kilipona kimekakamaa, na mkono wa Greda ulibaki na alama ya pasi, ncha yake ikielekea vidoleni.

Mashindano yaliyofuata yalipokaribia, Greda aliingia kwa mlango wa nguo chafu, taulo begani, nyundo mkononi. Jicho la Mama Taulo lilikuwa limeshafika kwenye nyundo.

"Mama, misumari iko wapi?"

"Niliing'oa."

"Nimekuja na yangu. Watu wanauliza. Tena safari hii ukiona tope, uliache tu." Akacheka peke yake.

Mama Taulo hakucheka. Wala hakuitua pasi.

"Nje kuna ukuta," alisema. "Katundikeni huko, mvua ndiyo itawafulia."

Akangoja mpaka Greda alipotoka, akafunga mlango kwa komeo. Kisha akautazama ule mwingine, ambako mwanawe alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu vya kwendea uwanjani kwa mkono wenye kidole kisichokunjika.