Darasa la Nne la Baba

Fomu ya kujiunga na sekondari ilitakiwa irudi shuleni Ijumaa, na baba alikuwa ameshakataa mara mbili kuitia sahihi. Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya themanini, kijijini kwetu Buger, na wasichana tuliochaguliwa darasa letu la saba tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alishanunuliwa sanduku. Mimi nilikuwa napalilia maharage, roho juu.

Hoja ya baba ilikuwa moja. "Mimi nimesoma mpaka la nne, enzi ambazo la nne lilikuwa la nne kweli. Limenisaidia nini? Si jembe hilihili?"

Ungembishia nini? Ripoti zake za shule zilikuwepo, zimekunjwa ndani ya kopo kubwa la biskuti pamoja na stakabadhi za kodi, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

Jumatano mama akanituma kwenye kopo lile nikatafute kadi ya kliniki ya mdogo wangu. Nikaipata. Sasa jamani, nani angelifunika bila kuchungulia? Hesabu: wa kwanza. Kusoma: wa kwanza. Mwaka uliofuata, vilevile. Nikashangaa, maana barua zote baba alinipa mimi nimsomee, akidai ananipima kama walimu wananifundisha. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika: "Mtoto hodari. Ila hataki kuoga mtoni na wenzake, wala hakubali kuvua shati."

Sentensi ile niliirudia mara tatu. Nikazichomeka ripoti kifuani, nikashuka mteremko mbio hadi kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Yeye ndiye aliyewaandikia majirani barua, na tuliambiwa kajifunzia kwenye kisomo cha watu wazima.

Alikuwa anachambua mbaazi. Nikamwamkia huku nahema, nikampa zile karatasi. Alizitazama, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Hizi ni zangu, mwanangu."

Akanieleza. Enzi za mkoloni, jumbe alitaka kila nyumba itoe mtoto mmoja wa kiume aende shule. Babu alikuwa na mvulana mmoja tu, na huyo ndiye aliyemchungia ng'ombe. Kwa kuwa wazee waligawa ng'ombe wao wakae kwa ndugu, ilikuwa rahisi kumpeleka baba bondeni kwa ndugu hao, akajifiche huko pamoja na mifugo. Shangazi akanyolewa, akavishwa kaptula, akapewa jina la mdogo wake. Alisoma miaka minne. Kifua kilipoanza kujaa wakamrudisha nyumbani, wakasema mtoto ameugua.

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Walimu wetu walikuwa wakisema miaka ile hakuna msichana aliyekanyaga shule yetu. Kumbe alikuwepo, tena akiwaburuza wavulana wote! Na hasira nilikuwa nayo, sitasema uongo, maana darasa lenyewe nililozibiwa nalo njia halikuwa la baba.

Shangazi akaacha mbaazi. "Twende."

Tulimkuta baba zizini. Shangazi akamwekea ripoti mkononi, bila kupaza sauti. "Mdogo wangu, mwambie mwanao wewe ulisoma wapi."

Baba akazitazama, akazikunja tena. "Dada, miaka yote hii umenyamaza, leo ndiyo unanivua nguo?"

"Nilikuwa nakusitiri. Lakini leo unamnyima mtoto shule kwa ripoti zangu."

Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni anasikia yote. Baba akamwomba alete chungu kilichotoka motoni. Akapitisha kidole gumba kwenye masizi ya chungu kile, akakisugua kidole mpaka kikawa cheusi tii, kisha akanigeukia.

"Nimejisifia darasa la dada yangu maisha yangu yote," alisema. "Wewe kasome la kwako. Nionyeshe pa kuweka."

Nikakimbia kuleta fomu, nikamwonyesha mstari wa sahihi ya mzazi. Akabandika kidole gumba chake pale.