Dishi Langu na Bikoni ya Jirani

Nimesema uongo mwingi maishani, mwingi wake wa kawaida tu, wa ofisini na wa nyumbani, na mwingi nimeshausahau. Lakini kuna maneno mawili niliyoyasema nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba yangu Kitengela, mikono mfukoni, na hayo hayajaniacha hadi leo. Nilisema, "Sikumbuki vizuri." Nilikumbuka vizuri sana.

Mambo yalianza na dishi. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani Kajiado mjini, na nyumba yangu ilikuwa Kitengela, kwenye ploti niliyouziwa na mzee mmoja Mmaasai. Mzee huyo alifariki mwaka uliofuata. Mjane wake akabaki kwenye kipande kilichopakana na changu, na mbuzi wake na ng'ombe wachache. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye kicheko cha ghafla kilichowashtua hata kuku. Sisi ni watu wa magharibi, hatukuwa na ndugu huku, kwa hiyo tulimwita kama watoto wake walivyomwita: Yeyo, yaani mama. Kila asubuhi aliwaletea watoto wangu maziwa kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi, na ukijaribu kumkatalia alinuna siku mbili.

Wazimu wa dishi niliupata ofisini, kwenye gazeti kuukuu la mafundi wa redio. Liliandika kwamba mtu wa kawaida, asiye na shahada yoyote, angeweza kunasa picha za televisheni za nchi za mbali zinazopita angani bure. Nililisoma hadi kurasa zikaachana. Kisha nikasikia kuna hoteli imefungwa na dishi lake linauzwa, dishi kubwa la wavu wa chuma, pana kuliko kitanda changu. Lilifika nyumbani juu ya mkokoteni wa punda, watoto wa mtaa wakilisindikiza kama bibi harusi. Mke wangu alitoka jikoni akalitazama kwa muda.

"Baba watoto, hii karai tutakaanga nini ndani yake?"

Tangu siku hiyo mtaani nikaitwa Baba Karai. Sikujali. Mtu aliyepagawa na kitu haoni aibu, na mimi nilikuwa nimepagawa.

Gazeti halikuwa limenieleza jambo moja: udongo wa Kitengela. Dishi husimama juu ya mlingoti wa chuma, na mlingoti lazima uwe wima kabisa. Ukiinama hata upana wa kidole, picha inapotea, kwa sababu dishi linakuwa linatazama mahali pengine mbinguni. Sasa udongo wetu ni ule mweusi, unaopasuka kiangazi mpaka mbuzi anaweza kuvunja mguu, na mvua ikinyesha unavimba na kusukuma kila kitu. Nilichimba, nikamwaga zege, nikasimamisha mlingoti, nikapima kwa pima maji. Mvua ya kwanza ikaulaza upande. Nikachimba pengine. Mvua ya pili ikaulaza upande wa pili. Jirani mmoja akaniuliza kama ninafuga mlingoti wa kulala.

Tena setilaiti nilizozitaka, ile mitambo ya angani inayorusha picha, zilikuwa chini upande wa magharibi, juu tu ya vilima vya Ngong, na nyumba yangu mwenyewe iliziba njia. Palibaki mahali pamoja tu ambapo dishi lingeona: kona ya nyuma kabisa ya ploti. Na kwenye kona ile, ajabu, udongo mweusi uliisha. Palikuwa na mwamba. Juu ya mwamba huo, katika shimo lililochongwa vizuri na kujazwa zege, ndipo mpima ardhi alipokuwa ameweka bikoni.

Kwa wasioijua Kitengela ya miaka ile, niseme tu kwamba bikoni ni chuma kifupi ndani ya zege kinachoonyesha kona ya mpaka wa ploti, na kwamba watu walikuwa wakilala wakiiota. Ardhi ilikuwa ikikatwakatwa kila wiki. Mtu angeweza kukuibia kuku mkacheka baadaye, lakini bikoni haiguswi. Ile ya kwangu ilikuwa ya watu watatu: ilikuwa kona yangu, kona ya Yeyo, na kona ya shamba la tatu nyuma yetu, ambalo wakati huo lilikuwa nyasi tupu.

Nilichagua siku ya Jumapili. Nilimwambia mke wangu tumbo linaniuma, akaenda kanisani na watoto. Yeyo naye alikuwa kwenye kanisa lake kule ng'ambo ya barabara. Nilichukua mtaimbo na nyundo, nikaing'oa ile bikoni na zege lake kama jino, nikasimamisha mlingoti wangu katika shimo lake. Nilijiambia ningeirudisha palepale, kando ya mlingoti. Lakini zege la mlingoti lilijaza shimo lote na kumwagika pande zote, na kando yake mwamba ulikuwa mgumu kama roho ya mdai. Nilizunguka nikigongagonga chini kwa mtaimbo hadi nikapata mahali palipokubali kuchimbika. Palikuwa upande wa Yeyo, hatua tatu. Nikaisimamisha hapo, nikashindilia mawe, nikafagia nyayo zangu kwa tawi. Mtu asiye na hatia hafagii nyayo. Nililijua hilo nikiwa nafagia.

Wiki iliyofuata tulipata picha. Mimi nilikuwa nje nikisukuma dishi kidogo kidogo, mke wangu ndani mbele ya televisheni akipiga kelele dirishani.

"Bado! Chenga tupu! Bado! Rudisha hapo ulikuwa! Ngoja... Baba watoto, kuna mtu! Kuna mtu ako na tai!"

Nilikimbia ndani na spana mkononi. Alikuwa mwanamume mwenye tai akisoma habari kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, na tulimsikiliza hadi mwisho, tukiwa tumesimama. Sijawahi kufurahi hivyo. Nakiri hata leo, baada ya yote, kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli.

Yeyo alikuja alasiri kuona hicho kilichofanya tupige mayowe. Kwa bahati nilikuwa nimepata stesheni ya nchi fulani ya baridi ikionyesha ng'ombe wakubwa kwenye majani mabichi. Aliketi chini karibu kabisa na kioo.

"Hii ng'ombe, nani anachunga?"

"Sioni mtu, Yeyo. Nafikiri wamezungushiwa ua tu."

"Ua haichungi." Akatikisa kichwa kwa kuwahurumia wenye ng'ombe hao. Kisha akageuka, akaishika mikono yangu miwili, akaitemea mate kidogo kwenye viganja. Ndivyo wazee wao wanavyobariki. "Mikono yako iko na akili," alisema. Nilitamani kuivuta. Mikono hiyohiyo bado ilikuwa na malengelenge ya mtaimbo.

Akawa anakuja karibu kila siku baada ya kukamua. Miaka ikapita hivyo, nikaanza kuamini kwamba bikoni imezoea mahali pake papya, kama mbwa aliyehamishwa.

Halafu shamba la tatu likapata mnunuzi, na mnunuzi akaleta mpima ili ajenge ukuta. Mpima alikuwa kijana mwenye haraka. Bikoni ya upande wa barabara ilikuwa imeng'olewa na greda, kwa hiyo hakuwa na ya tatu ya kuhakikishia. Alichukua ya mbali na hii ya kwetu, akavuta kamba. Kamba ikapita katikati ya zizi la ndama wa Yeyo.

Yeyo alitoka na fimbo yake. Mwanawe alikuwepo, mtu mzima mwenye duka la dawa za mifugo. Mnunuzi alikuwepo, na mimi, na mke wangu mlangoni.

"Hapana," Yeyo alisema. "Bikoni haikuwa hapo. Bwana yangu alinionyesha. Ilikuwa kwa mawe, pale pale penye imesimama ile chuma ya karai."

Akanyoosha fimbo moja kwa moja kwenye mlingoti wangu. Hakukosea hata kwa unyayo.

"Mama, beacon ndio hii," mpima alisema. "Haina miguu."

Wote wakacheka kidogo. Kisha mwanawe akanigeukia, kwa heshima, kwa sababu nilikuwa karani wa serikali na mtu wa kanisa. "Mzee, wewe ndio unakaa hapa karibu. Ilikuwa wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi mara mbili, na nilizitumia zote. Niliogopa kufungwa, maana kuhamisha bikoni ni kesi. Niliogopa kazi yangu. Niliogopa watu wa kanisani. Na, niseme lote, niliogopa kwamba mlingoti ungeng'olewa na nisingepata tena mahali pa dishi. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo inayonichoma zaidi, kwa udogo wake.

"Sikumbuki vizuri," nikasema.

Yeyo alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, ingekuwa afadhali. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni.

"Mama, umezeeka," mwanawe alimwambia taratibu. "Unasahau. Wacha watu wafanye kazi."

Ukuta wa mawe ukapanda. Ndama wakahamishiwa mbele ya nyumba yake, kwenye tope. Upande wangu nami niliongezewa kipande chembamba cha ardhi ambacho sikukiomba. Mke wangu alipanda sukuma wiki hapo, na mboga zile sikuwahi kuzila bila kuona zinanikwama.

Lakini ardhi ilikuwa hasara ndogo. Baada ya siku ile, neno la mwanawe lilimganda Yeyo. Akisema mbuzi mmoja hayupo, wanamwambia umesahau, uliuzwa. Akisema mvua ya mwaka fulani iliharibu barabara, wanatazamana. Yule mama aliyekuwa akijua kila ndama na ukoo wake alianza kuhesabu mifugo mara mbili, kisha mara tatu. Siku moja nilimsikia akimuuliza binti yangu, kwa sauti ya chini, kama jana alileta maziwa au hakuleta. Alikuwa ameleta. Alikuwa analeta kila siku, hata baada ya kuacha kuja kutazama televisheni. Nilikuwa nakunywa chai ya maziwa yale nikijua kwamba kichwa cha yule mama hakina kasoro yoyote, na kwamba ni mimi peke yangu chini ya jua ninayejua hivyo.

Nilitaka kusema. Nilitaka Jumapili nyingi. Pasta alipogusa habari ya wanaosogeza mipaka ya jirani, nilijifanya nafunga kamba za viatu. Mwaka ukawa miwili, miwili ikawa mitano, na kila mwaka ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na kimya chenyewe.

Yakaja madishi madogo, ya kufungwa ukutani asubuhi na kutazamwa adhuhuri. Langu likaota kutu. Mke wangu akaudai wavu atengenezee banda la kuku, nikampa. Ukabaki mlingoti, na mimi Jumamosi moja nikatoka na msumeno wa chuma kuukata. Niliuweka msumeno, nikavuta mara mbili tatu, nikasimama. Nilitambua ninachofanya. Mlingoti ule ndio ulikuwa alama pekee iliyobaki ya mahali pa kweli pa bikoni, na nilikuwa naukata.

"Nani huyo?" Yeyo alikuwa ng'ambo ya ua wa miiba. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wakati huo, alitembea kwa kupapasa na fimbo. Alikuwa amesikia chuma.

"Ni mimi, Yeyo. Takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. "Unakata nini?"

Ningeweza kujibu kwa neno moja. Badala yake niliusogeza mwiba wa lango, nikamshika mkono, nikamleta hadi pale, na nikamwambia. Nilimwambia Jumapili, tumbo la uongo, mtaimbo, hatua tatu, na zile nyayo nilizofagia. Nilimwambia nilikumbuka siku ile ya mpima, nilikumbuka kila kitu. Nilimwambia nitaenda Kajiado Jumatatu niandike kwa mkono wangu, ingawa ukuta ulikuwa umesimama miaka na sikujua kama kuna mtu angeubomoa. Nilikuwa nalia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Yeyo aliniachia mkono. Alipapasa hewani hadi akaupata mlingoti, akaushika kwa mikono miwili, akashuka nao polepole mpaka vidole vyake vikafika kwenye zege, na kutoka kwenye zege hadi kwenye mwamba.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, Yeyo."

 Nilingoja anilaani, na nilikuwa tayari.

"Ita kijana yangu," alisema. "Umwambie na mdomo yako."

Nilimwita. Alitoka dukani kwake na kofia kichwani, akifikiri mama ameanguka. Nilirudia yote mbele yake, na sehemu ya hatua tatu ilinibidi niiseme mara mbili ili aielewe. Alipomaliza kunisikia alivua kofia. Hakunitazama mimi, alimtazama mama yake.

Yeyo bado alikuwa ameushika mlingoti.

"Umesikia?" alimwambia. "Sikusahau."