Siku Baba Alipoing'oa Mizabibu

Nilimpiga baba yangu kwa sababu ya mizabibu. Naanza na hilo ili mtu asinihurumie.

Ilikuwa minane. Vipandikizi nilivibeba kutoka Dodoma ndani ya gunia bichi, nikavipanda nyuma ya nyumba yangu hapa Bariadi. Mzabibu mchanga haulelewi kwa upole. Unaumwagilia mwaka mzima, unauacha utambae unavyotaka, ukishanenepa unashika mkasi na kuukata wote, unabakiza kisiki chenye macho mawili tu. Yakichipua unachagua chipukizi moja lililonyooka, unalifunga kwenye mti, mengine unayavunja. Niliipenda kazi hiyo kuliko ninavyopaswa kukiri. Nina hasira za karibu, na pale nilikatakata nikasifiwa.

Nilikata Jumamosi. Niling'oa na miti ya kuegemezea, maana mchwa walikuwa wameimaliza, na Jumatatu nikaenda Maswa kutafuta mingine.

Baba alikuwa amehamia kwangu kutoka Ipililo baada ya mama kufariki. Ni mtu wa pamba. Kwake, mmea ukishavunwa unang'olewa na kuchomwa, wadudu wasisubiri msimu ujao. Utotoni, mti mmoja wa pamba ukisahaulika shambani, alitupiga kwa huohuo mpaka ukavunjika, kisha akatafuta fimbo.

Niliporudi nilikuta moshi. Mashimo manane, na baba anasukumia mizizi motoni kwa fimbo yake, jasho linamtoka, amefurahi.

"Umerudi, baba," alisema. Huniita hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la baba yake. "Niliona umeshakata, nikajua msimu umekwisha. Nimekung'olea yote."

Nilimzaba kofi, kofia yake ikaruka, nikamwongeza ngumi, mdomo ukapasuka. Nikampokonya fimbo na kuiinua juu. Sitasema kwamba sikujua ninachofanya. Nilijua, na nilisikia raha mpaka mabegani.

Baba hakupigana. Alichuchumaa kando ya moto, akafunika kichwa kwa mikono miwili, viwiko vimebana masikio, vilevile nilivyokuwa nikijikunja mbele yake. Damu ilimdondokea kwenye shati.

"Basi, baba," alisema. "Basi. Sitarudia."

Niliitupa fimbo, nikaenda kujificha nyuma ya choo.

Ndugu walikaa kikao, nikaomba radhi nimepiga magoti, nikatozwa mbuzi. Mbuzi akachinjwa, akaliwa, ikasemwa yamekwisha. Baba mwenyewe alikula, taratibu, upande wa mdomo usiouma. Nimepanda mizabibu mingine na sasa imefika kwenye waya wa kutambalia. Watu wanaisifu. Mimi naiangalia na kuona aibu tupu.

Juzi nilimkuta amesimama uani, jembe mkononi, majani yamejaa mbele ya mlango wa chumba chake. Aliniuliza kama anaweza kuyalima.

"Baba, hapa ni kwako," nilimwambia. "Lima unapotaka."

Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuinua jembe. Aliyatazama majani, akanitazama mikononi, akaendelea kusimama pale juani, mzee aliyefungua mashamba kwa nguvu zake mwenyewe, mpaka nilipomwambia tena kwamba ni ruksa.