Tarumbeta Lililong'aa

Kila nikisugua dele la kahawa katika nyumba ninayofanyia kazi hapa ughaibuni, Al Hail, harufu ya dawa ya kung'arishia shaba hunirudisha kwenye mashindano ya bendi za shule. Mwaka mmoja bendi yetu ilihamishiwa kundi la shule kubwa, ambako usafi wa vyombo vya muziki nao ulikuwa na alama zake. Nikalisugua tarumbeta langu mpaka dawa ikapenya ndani, vitufe vikanata. Uwanjani likagoma kutoa sauti.

"Puliza, mwanangu, nakuomba!" mwalimu alininong'oneza akitembea kando yangu.

Nikavimbisha mashavu huku machozi yakinitoka. Jaji akanisogelea, akatega sikio, akasikia pumzi tupu. Akaandika sifuri. Kisha akajiona kwenye ile shaba, akanipa alama zote za usafi.