Perege wa Mbegu wa Chinfu

Yuetao aliolewa kwenye mabwawa ya perege, kusini mwa Taiwani, akanuka tope ujana wake wote bila kulalamika. Hawakujaliwa mtoto. Mumewe, Chinfu, alikuwa bahili wa maneno, ila perege wake wa mbegu, wale wazazi wa kuzalisha vifaranga, aliwasemesha. Upepo wa kaskazini ukishuka, aliwafungulia maji vuguvugu ya kisima kirefu, maana perege ni samaki wa joto. Maji yakipoa mno, samaki huyo hulegea, akalala ubavu, akafa. Yuetao alilijua hilo kama alijuavyo jiko lake, na hapo ndipo penye uchungu.

Chinfu alipolazwa kwa maradhi ya ini, dada yake Hsiangyun alikuja na ushauri.

"Wifi, kaka ameua samaki maisha yake yote. Wale anaowapenda, kawaachie huru kwenye bwawa la hekalu la mlimani, naye aongezewe umri."

"Mwenyewe hajaulizwa."

"Mgonjwa haulizwi. Haya, watunze samaki wako, sisi tutakuja mazikoni."

Nani angestahimili maneno hayo? Wakawapandisha mlimani kwa lori, katikati ya majira ya baridi. Ukingoni Yuetao alitumbukiza mkono, baridi ikamuuma mpaka mfupani. Akageuka aseme. Watawa walikwishaanza kuimba, waumini wamefumba macho, wifi amemkodolea yake. Aliona haya kuwakatiza. Akamwaga.

Samaki walipiga mikia kidogo, wakazama. Nyimbo hazijaisha, mmoja akaibuka ubavu juu, kisha wengine.

"Wamelala," wifi alinong'ona.

"Nimewalisha mimi hao, wifi. Najua wanavyolala."

Chinfu akapona. Majirani wakaisifu sadaka, wifi akatembea kifua mbele. Siku aliyorudi, Chinfu alipitiliza bwawani kabla ya kuingia ndani.

"Umewapeleka wapi?"

"Mlimani. Kwa ajili yako."

"Maji uliyagusa?"

Angeweza kudanganya. "Niliyagusa."

Hakumpiga wala hakumtukana, na heri angemtukana. Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyo ndiye mjukuu pekee aliyeingia nyumba ile.

Mpaka leo upepo wa kaskazini ukishuka, Chinfu hufungulia maji ya kisima kwenye bwawa lisilo na kitu, akakaa ukingoni. Yuetao humpelekea uji wa mchele na viazi vitamu. Chinfu hulipokea bakuli bila kumtazama, na kabla ya kunywa humuuliza neno moja tu.

"Umeugusa?"